Musa Aliweka Mikono Miwili

Somo: Hesabu 27:12–23



Jumapili moja baada ya ibada, kijana mmoja wa kwaya alitusimamisha pale mlangoni akauliza, "Shikamoo Mwalimu. Hivi Biblia inasema nini juu ya kumchagua mwenyekiti wa taifa wa chama cha siasa?" Alikuwa ameteuliwa na wenzake kwenda kupiga kura katika mkutano mkuu wa chama chake. Chama gani, hatutasema. Gazeti la mtaa si jukwaa. Tulimjibu mbio mbio kwamba katika Biblia hamna vyama vya siasa, tukaenda zetu kunywa chai. Lilikuwa jibu la uvivu. Mwalimu aliyestaafu hapaswi kumjibu hivyo mtu aliyeuliza kwa moyo, na kwa kuwa kijana yule husoma gazeti hili, tunamjibu leo.

Tafadhali fungueni kitabu cha Hesabu, sura ya 27, kuanzia mstari wa 12. Musa anaambiwa na Mungu apande mlimani Abarimu, aitazame nchi ya ahadi kwa macho, kisha afe kama alivyokufa Haruni ndugu yake. Hataingia. Na sababu anaambiwa waziwazi, ni kosa lile la maji ya Meriba. Mzee huyu ametembea jangwani miaka mingi pamoja na watu wagumu. Wamemnung'unikia kwa ajili ya maji, kwa ajili ya nyama, hata kwa ajili ya matango ya Misri. Sasa anaambiwa safari yake inaishia mpakani. Mahali pengine twasoma kwamba aliomba avuke, akanyimwa. Lakini katika sura hii hasemi neno hata moja juu ya nafsi yake. Neno lake la kwanza ni kumwomba Mungu awape watu mtu wa kuwatangulia, wasitawanyike kama mifugo iliyokosa wa kuichunga.

Tena angalieni jambo hili. Musa alikuwa na wana wawili, Gershomu na Eliezeri. Hakuwataja. Hakusema pia, "Bwana, naona fulani angefaa, maana nimemzoea." Aliomba tu apatikane mtu, akanyamaza. Jina la Yoshua mwana wa Nuni lilitoka kwa Mungu mwenyewe. Wala Musa hakuambiwa amalize shauri lile hemani kwake usiku. Aliagizwa amsimamishe Yoshua mbele ya Eleazari kuhani na mbele ya mkutano wote.

Halafu kuna jambo dogo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Sisi tumesahihisha madaftari kwa zaidi ya miaka thelathini, na jicho limezoea kusimama kwenye vitu vidogo. Katika mstari wa 18 Mungu anamwagiza Musa amwekee Yoshua mkono. Mkono mmoja. Katika mstari wa 23, Musa alipotimiza agizo, aliweka mikono. Aliagizwa mmoja, akaweka miwili. Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliliona jambo hili, wakafundisha kwamba Musa alitoa kwa ukarimu kuliko alivyoagizwa. Sisi tuliolelewa huku kwetu hatuhitaji kuelezwa sana. Mtoto akimpa mgeni kikombe cha maji kwa mkono mmoja, mama yake humkaripia hapo hapo.

Basi, kijana wetu, watu wakizungumza habari za uchaguzi wa chama huuliza nani ana watu wengi, nani ana fedha, nani atashinda. Ni wachache wanaouliza, yule anayeondoka atakabidhi kwa mikono mingapi? Na yule anayepokea, atangoja kupewa, au atanyakua?

Tutatoa mfano wa chama cha nchi nyingine, kusudi asiwepo wa kusema Mwalimu anampigia mtu kampeni. Hata hivyo, chama chenyewe si cha mbali nasi. Sisi tulianza kazi ya ualimu mkoani Morogoro mwaka 1984, na pale sokoni mjini tuliwaona mara nyingi vijana wa Afrika Kusini waliokuwa wakisoma Mazimbu, katika chuo chenye jina la Solomon Mahlangu, yule kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979. Wengine hawakurudi kwao; makaburi yao yako Mazimbu hadi leo. Chama chao kilikuwa ANC. Kilipigwa marufuku kwao mwaka 1960, na aliyekiongoza ugenini alikuwa Oliver Tambo.

Tambo alikuwa mwalimu mwenzetu, tena Mwanglikana. Alifundisha hisabati na sayansi katika shule ya St Peter's, Johannesburg, iliyoendeshwa na mapadre watawa wa Kanisa letu. Mmoja wa mapadre wale alikuwa Trevor Huddleston, ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1960 hadi 1968. Tambo mwenyewe alitamani kuwa padre. Askofu wa Johannesburg alikwisha kumkubali, ndipo Desemba 1956 akakamatwa pamoja na wenzake wengi kwa shtaka la uhaini. Upadre hakuupata. Mwaka 1960 chama kilimtuma nje ya nchi, akakaa ugenini miaka thelathini.

Mwaka 1967 alikufa Albert Luthuli, rais wa ANC, naye mwalimu, aliyefundisha miaka mingi katika chuo cha Adams na mwenye tuzo ya amani ya Nobel. Ikambidi Tambo akaimu kiti. Mandela, rafiki yake waliyefungua naye ofisi ya uwakili mwaka 1952, alikuwa kisiwani Robben akitumikia kifungo cha maisha. Fikirini majaribu ya mtu kama huyo. Mwenye jina kubwa yuko gerezani, wanachama wametawanyika nchi mbalimbali, fedha na silaha zinapitia mikononi mwako, na hakuna njia ya kuwaita watu wa nyumbani wapige kura. Wangapi wangesema, "Mimi ndiye chama"?

Mwaka 1969 walikutana hapo Morogoro. Mambo yalikuwa magumu. Askari vijana waliotoka katika mapigano ya Rhodesia walikuwa na uchungu. Mmoja wao, Chris Hani, pamoja na wenzake sita, waliandika waraka mkali wakiwalaumu viongozi kwamba wamestarehe na kuwasahau waliomo vitani. Wapo wakubwa waliotaka vijana wale waadhibiwe vikali. Habari hii yatukumbusha Eldadi na Medadi katika Hesabu sura ya 11, walipotabiri kambini bila kuwamo katika kundi lililokwenda hemani. Yoshua, kwa kumpenda bwana wake, alimwomba Musa awakataze. Musa akamuuliza kama anaona wivu kwa ajili yake. Tambo naye pale Morogoro hakukumbatia kiti. Maneno yalipozidi, alijiuzulu mbele ya mkutano, na mkutano ukamrudisha kwa kauli moja. Hani na wenzake walisamehewa, na mwaka 1974 Hani aliingia Halmashauri Kuu ya chama. Kiongozi wa namna hiyo amekwisha kukabidhi moyoni mwake siku nyingi kabla ya siku ya kukabidhi.

Sasa njoni mwaka 1990. Mandela ametoka gerezani mwezi Februari. Dunia nzima inamjua. Tambo yuko hospitali Sweden, amepigwa na kiharusi mwaka uliotangulia, upande mmoja wa mwili umelegea na kusema kwenyewe kwa shida. Sisi wengine tungedhani mambo yamekwisha: mgonjwa apumzike, mzima aketi. Lakini chama kilimfanya Mandela kuwa Naibu Rais tu, chini ya mgonjwa, naye akakubali. Mwezi Machi alikwenda Sweden kumwona rafiki yake. Mandela ameeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kwamba Tambo alimsihi apokee urais wa chama pale pale, naye akakataa. Alimwambia kwamba yeye Tambo ameongoza vizuri, na kwamba si haki wala si demokrasia kupokezana hivyo watu wawili chumbani. Wangoje uchaguzi, wanachama waamue. Tambo akabisha. Mandela hakukubali.

Tumefundisha historia kidogo, na tumesoma mengi juu ya watu waliogombania viti. Juu ya wawili waliobishana kila mmoja akimsukumia mwenzake kiti, tumesoma machache sana. Tena jambo linalotugusa zaidi ni lile la kungoja. Hawa walikuwa marafiki wa miaka hamsini hivi na walipatana. Hapakuwa na mpinzani. Hata hivyo Mandela aliona kwamba kiti si cha Tambo kumpa, wala si chake yeye kukipokea, mpaka mkutano uketi. Mbele ya Eleazari na mbele ya mkutano wote.

Mkutano uliketi Durban, Julai 1991, wajumbe 2,244, mkutano mkuu wao wa kwanza wa namna hiyo ndani ya nchi baada ya miaka thelathini. Mandela alichaguliwa Rais wa chama bila kupingwa. Tambo hakutupwa, alifanywa Mwenyekiti wa Taifa, kwa heshima. Chama alichokichukua kikiwa kimefukuzwa nyumbani alikirudisha kikiwa kimoja. Alikufa tarehe 24 Aprili 1993, na uchaguzi wa kwanza wa watu wote ulifanyika tarehe 27 Aprili 1994. Mwaka mmoja na siku tatu. Aliiona nchi toka mlimani.

Hatuwezi kuishia hapo, maana ingekuwa hadithi ya watakatifu tu, na kijana wetu haendi kwenye mkutano wa watakatifu. Chama hicho hicho kilikutana Polokwane, Desemba 2007. Rais wa chama alikuwa Thabo Mbeki, ambaye katika ujana wake alifanya kazi karibu sana na Tambo ugenini. Alikwisha kuongoza vipindi viwili, na urais wa nchi katiba isingemruhusu kuurudia, lakini urais wa chama aliuomba mara ya tatu. Aliyeshindana naye alikuwa Jacob Zuma, ambaye Mbeki mwenyewe alimwondoa katika Unaibu Rais wa nchi mwaka 2005. Wajumbe waliimba wakizungusha mikono hewani, ile ishara ya mpira ya kutaka mchezaji atoke aingie mwingine. Zuma alipata kura 2,329, Mbeki 1,505. Septemba 2008 chama kilimtaka Mbeki aache na urais wa nchi kabla ya muda wake kwisha. Aliacha, na kwa hilo tumheshimu, maana wapo ambao wangeita majeshi. Mwisho wa mwaka ule baadhi ya wakubwa waliokuwa upande wake walijitenga wakaanzisha chama kingine. Yaliyofuata chini ya Zuma, mpaka alipojiuzulu Februari 2018 kwa kushinikizwa na chama hicho hicho, yalichunguzwa na tume ya jaji kwa miaka kadhaa. Mwaka 2024 ANC ilipata kura chini ya nusu kwa mara ya kwanza tangu uhuru wao.

Kuhukumu mioyo ya watu hao si kazi yetu. Lakini sisi twaamini kwamba watu wakiona kiti hakiachwi, humkimbilia yeyote aliye tayari kukivuta, wala hawamwangalii vizuri ni mtu wa namna gani. Lawama ya hapo ni ya pande zote mbili. Na wajumbe nao wamo. Jumlisheni kura zile mbili mpate 3,834. Nchi ile ilikuwa na watu zaidi ya milioni arobaini. Waliochagua chumbani, kwa kweli, waliwachagulia wote waliokuwa nje.

Hapa nyumbani wengi wetu tulikesha na redio Januari 2025, CHADEMA walipochagua mwenyekiti wao. Tundu Lissu alipata kura 513, Freeman Mbowe 482. Tofauti ni kura 31, watu wa kujaza Coaster moja. Mbowe alikuwa ameongoza chama kile tangu mwaka 2004, naye aliyakubali matokeo. Nani alistahili, waseme wenyewe. Sisi tulichokifikiria usiku ule ni wale 31. Kila mmoja wao angeweza kuwa kijana wa kwaya ya mtaa wetu.

Kwa hiyo tunalokuomba, mwanetu, ni hili. Huko uendako utapewa fulana na kofia, na usiku huenda mtu akabisha hodi na bahasha. Bahasha unajua la kufanya, umefundishwa katekisimu. Lakini hata ukiikataa hujamaliza kazi. Ulizia kila anayegombea aliacha vipi kazi yake ya mwisho. Mtafute aliyempokea ofisi, tawini au shuleni au kwenye ushirika, umuulize alikuta nini mezani. Alikuta hesabu zimeandikwa, au alikuta kabati tupu na ufunguo? Hotuba mtu huandikiwa. Namna alivyoondoka hakuna awezaye kumwandikia.

Na sisi tunaosema haya, tuliachaje? Hapo ndipo jibu letu la uvivu lilipotokea, maana swali lako liligusa kidonda.

Katika chuo cha ualimu tulichofundisha, tuliongoza chama cha akiba na mikopo kwa miaka tisa. Kilikuwa chama kidogo cha walimu na wafanyakazi. Mwaka wa kumi tuligombea tena, tukashindwa. Aliyetushinda alikuwa kijana tuliyemfundisha sisi wenyewe darasani. Tulikabidhi siku ile ile, mbele ya wanachama, vitabu vyote vya hesabu na funguo mbili. Watu wakapiga makofi. Padre aliyekuwapo alitusifu kwa uungwana.

Lakini nyumbani tulibaki na daftari dogo. Humo tulikuwa tumeandika kwa penseli mambo ambayo hayamo katika vitabu vikubwa. Mambo ya wizi hayakuwamo. Yalikuwa mambo ya kuelewana. Mpishi mmoja wa chuo, mjane, alianza kuweka akiba wakati hajawa mwajiriwa wa kudumu, na masharti yalikuwa hayamruhusu, kwa hiyo fedha zake ziliandikwa kwa jina la shemeji yake. Tuliofahamu tulikuwa sisi, yeye na huyo shemeji, ambaye alikwisha kuhama. Daftari lile hakuna aliyetuuliza. Tulijiambia kwamba tuliloagizwa tumelitimiza.

Januari iliyofuata yule mama alikwenda kuomba fedha zake za karo ya mtoto. Mwenyekiti mpya akatafuta jina, hakuliona. Akamwambia aje kesho. Kesho hakuliona tena. Mama akasema pale ofisini kwamba enzi za Mwalimu jambo kama hilo halikutokea, na maneno yale yakatufikia jioni barazani kwetu. Tuseme kweli, kwa kuwa tunasema na Wakristo wenzetu: tulifurahi. Tulikaa na furaha ile siku kumi na moja, daftari likiwa kabatini hatua tano kutoka tulipokaa.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumamosi, na zamu ya kusoma somo kanisani kesho yake ilikuwa yetu. Tulipofungua Biblia kujiandaa tukakuta ni Hesabu 27. Hatukulala vizuri. Tulisoma Jumapili ile kwa sauti ya chini hata katekista akatuuliza kama tuna homa. Baada ya ibada hatukwenda kunywa chai. Tulichukua daftari, tukaenda nyumbani kwa mwenyekiti.

Alikuwa anafua. Alitukaribisha, akasema, "Shikamoo Mwalimu," akajifuta mikono kwenye suruali, na tulipomnyoshea daftari alilipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kwao. Akalifungua, akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Hakutuuliza kwa nini tumechelewa. Aliuliza, "Na huyu ni nani, Mwalimu? Na hii alama ya msalaba pembeni ina maana gani?" Tukaketi kwenye mkeka, tukamweleza jina kwa jina mpaka ilipobidi mkewe alete taa. Yule mama alipata fedha zake Jumatatu. Mtoto alikuwa amekwisha kukosa wiki mbili za muhula.